Maswali yenu: kumpeleka mzee India bila kumgeuza mzigo

Meseji zimekuwa nyingi tangu tugusie habari ya kuwapeleka wazee India kutibiwa, nyingine zinafanana, kwahiyo nimechukua chache. Majina nimeyaacha.

SWALI: Anti shikamoo. Baba ana miaka 76, tunampeleka Chennai kwa ajili ya moyo. Tunataka kwenda nae watatu, mimi, kaka na shemeji. Inawezekana? Na chanjo ya homa ya manjano kwa umri huo vipi?

Marahaba. Watatu hapana. Kwa viza ya matibabu ya kuomba mtandaoni mgonjwa mmoja anasindikizwa na watu wawili tu, na wawe ndugu wa karibu, kwahiyo shemeji abaki aangalie nyumba. Viza yenyewe ni siku 60 tangu mnapotua.

Chanjo sasa, hapo msilete mzaha, India wanazihesabu nchi kadhaa za huku kwetu Afrika Mashariki kama zenye homa ya manjano na usipokuwa na kadi wanaweza kukuweka karantini mpaka siku 6, mzee wa moyo umfungie karantini kweli? Kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwahiyo sio ya kukimbilia wiki ya safari. Ila kama alishachanjwa zamani na kadi ipo, msimchome tena, tangu 2016 ile kadi ni ya maisha. Kama hajawahi kabisa, kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea madhara ya chanjo hiyo yanakuwa na uwezekano mkubwa kidogo, aonwe na daktari wake kwanza ndo aende kuchoma. Na tafadhali msinunue kadi bila sindano, najua mnajua inapouzwa.

SWALI: Mzee wangu alikuwa mfanyakazi wa reli Tabora, kastaafu zamani. Tukimaliza hospitali Chennai anang'ang'ania tupande treni mpaka Delhi. Magoti yake mabovu na mkojo haumpi nafasi. Nimkatalie?

Usimkatalie treni, mkatalie Delhi. Chennai mpaka Delhi ni zaidi ya kilomita 2,000, unalala njiani na kuamka bado mpo njiani, kwa magoti hayo na choo kinachoyumba hapana. Mpe safari fupi ya mchana, mfano Chennai kwenda Katpadi, stesheni ya kushukia watu wa Vellore, kama masaa mawili hivi. Mfanyakazi wa reli ukimwonyesha reli ya India atafurahi mwenyewe, reli zetu za zamani ni upana wa mita moja, zao kubwa ni milimita 1,676, atakuhutubia njia nzima, wewe itikia tu.

Kama lazima mlale njiani, kata daraja la AC la vitanda viwili juu kwa chini (wanaliita 2AC), maana la vitanda vitatu kile cha katikati kikifunguliwa usiku mtu wa chini hawezi hata kukaa wima. Kwenye fomu andika umri wake wa kweli na uchague kitanda cha chini. Tiketi ikiandikwa WL mjue hamna kitanda, ikiandikwa RAC mjue mnagawana siti na mtu, zote mbili sio za mzee. Chooni tafuta kile cha kukaa, kwa kawaida kila behewa kina kimoja walau, kile cha kuchuchumaa magoti hayo yakishuka hayapandi.

Na stesheni ndogo treni inasimama dakika chache tu. Anza kumsogeza mzee mlangoni mapema, mabegi mpe kuli wa shati jekundu mkubaliane bei kabla hajanyanyua, wewe mikono yako iwe ya baba peke yake.

SWALI: Baba katoka kufanyiwa upasuaji wa tezi dume, tupo gesti karibu na hospitali, ana mpira wa mkojo. Mimi ndo binti niliyekuja nae, kaka zangu wote "wapo bize". Hataki nimwogeshe, hataki hata nimwage ule mfuko. Juzi kakaa bila kuoga, nikamfokea, akalia. Nifanyeje?

Pole sana mdogo wangu. Baba hana ukaidi, ana aibu, na aibu ya baba mbele ya binti yake sio ugonjwa wa kutibiwa. Kwetu huko ni mambo ya kaka zako na wajukuu wa kiume, sasa hawapo, na yeye anajua hawapo, ndo kinachomliza zaidi kuliko hata wewe kumfokea.

Nenda pale hospitali, dawati la wagonjwa wa nje ya nchi, uliza mhudumu wa kiume wa kukodi. India hilo ni jambo la kawaida kabisa, wapo wa zamu ya masaa 12, anakuja anamwogesha, anambadilisha, anaondoka. Lugha haitapanda, kwahiyo kaeni na baba mkubaliane ishara za mkono: maji ya moto, inauma, toka nje kidogo. Hiyo ya mwisho ataitumia sana.

Siku mhudumu hayupo, weka stuli ya plastiki bafuni, ndoo na kopo (bafu zao nyingi zina ndoo na kopo kama zetu), mfunge shuka kiunoni, mkabidhi sabuni, toka. Simama mlangoni umpigishe stori za kijijini ili usikie sauti yake ikiwa sawa. Mfuko wa mkojo muombe nesi amfundishe yeye mwenyewe, mikono yake si inafanya kazi? Wewe angalia tu kwamba mfuko unakaa chini kuliko kibofu, haujai mpaka juu, na mpira haujajikunja. Mkojo ukikata kutoka, ukileta mabonge ya damu au akipata homa, hapo hamna cha aibu, ni hospitali saa hiyohiyo.

SWALI: Tuna siku tatu Delhi kabla ya kurudi Nairobi, baba anataka kuiona Taj Mahal. Anatembea na fimbo.

Aende, si kaomba mwenyewe, ila mjue lile kaburi lipo mji wa Agra, sio Delhi yenyewe. Ijumaa imefungwa kwa watalii. Magari hayafiki getini, kuna vigari vya umeme, pandeni. Kuingia kwenye kaburi lenyewe ni tiketi ya ziada na kuna ngazi, akiona ngazi zimemzidi akae kwenye benchi bustanini, linaonekana vizuri tu. Mwezi wa tano na wa sita ahirisheni, lile jua sio la mzee.

SWALI: Ndugu kwenye grupu la WhatsApp la familia wanadai ripoti kila saa, kuchangia hawachangii. Kaka mkubwa anapiga video usiku anamwamsha mzee.

Tuma sauti moja kwa siku, jioni, na picha za risiti bila maneno, afu zima data. Kuhusu kaka, mwambie India ipo mbele masaa mawili na nusu, yeye akipiga saa tatu usiku kwenu ni saa tano na nusu, mzee kalala. Apige saa kumi jioni. Na akipiga, muulize kwanza baba kama anataka kuonekana siku hiyo.