Kabla hujamnunulia mama yako vidonge vya ginko

Mama yangu anaishi Tukuyu, ana miaka 74. Ilianza na sufuria ya ndizi kuungua jikoni, mara moja, mara mbili. Akaanza kumwita mwanangu kwa jina la mjomba aliyefariki zamani. Siku alipopotea akitoka kanisani, kwenye njia aliyoipita miaka 40, nilirudi Mbeya mjini nikiwa sina amani kabisa. Kwa hali ile ningenunua chochote.

Dada mmoja anayeuza virutubisho ndiye aliyeniambia habari za ginko. Mti wa China, akasema, ulikuwapo tangu enzi za dinosaria. Hata bomu la atomiki la Hiroshima halikuumaliza. "Haya ni majani tu, dada'angu. Hayana madhara." Nikalipa.

Habari za mti zilikuwa za kweli. Ginko ndiyo iliyobaki peke yake katika ukoo wake, ndugu zake wote tunawajua kwa alama walizoacha kwenye mawe. Jani lake limekaa kama kipepeo cha kupepea moto, na mara nyingi limechanika katikati. Hiroshima nako, mwaka 1945, miti kadhaa ya ginko iliungua kisha ikachipua tena. Lakini mti kuhimili bomu hakukuniambia lolote kuhusu mwili wa mama.

Mama ana tatizo la mapigo ya moyo. Kila siku anameza warfarini, dawa inayozuia damu kuganda ovyo, na kila baada ya wiki kadhaa anapimwa damu ili dozi isizidi wala isipungue. Nilijua hilo vizuri, maana nauli ya kumleta kwenye kipimo natoa mimi. Ila sikuunganisha mambo hayo mawili. Kwangu kile cha hospitali kilikuwa dawa, na kile cha kopo kilikuwa majani.

Wiki ya tatu dada yangu anayekaa naye alipiga simu: fizi za mama zinatoka damu, na mikononi ana mavilio meusi ambayo hakumbuki aliyapata wapi. Tulimwahisha hospitali. Daktari akauliza kama kuna kitu kingine anachotumia, na mama akajibu bila wasiwasi, "Majani aliyoniletea mwanangu." Daktari hakunifokea. Alisema hawezi kuapa kwamba ni ginko peke yake, kwa kuwa warfarini yenyewe huweza kuleta damu, lakini ginko nayo imeshahusishwa na watu kutokwa damu, na viwili hivyo havifai kukaa katika mwili mmoja bila daktari kujua. Kopo likaishia pale pale.

Nimesoma sana tangu siku ile. Lililonishangaza zaidi ni kwamba ile sifa ya kumbukumbu si ya kale kama tunavyoambiwa. Wachina wa zamani walitumia hasa mbegu, kwa kikohozi na pumu. Dawa ya majani tunayouziwa leo ilitengenezwa Ujerumani miaka ya 1960. Na hizo mbegu msizichezee: zina sumu inayoweza kuleta degedege zikiliwa kwa wingi, hasa kwa watoto.

Jambo la pili watalielewa haraka watu wa Umalila na Mufindi wanaolima pareto. Ua la pareto likiwa shambani bado si dawa ya wadudu. Linakaushwa, linakwenda kiwandani, sumu yake inakamuliwa na kupimwa. Ginko ni hivyo hivyo. Ile iliyofanyiwa utafiti ni majani yaliyokamuliwa na kupimwa, na tindikali inayodhuru imepunguzwa hadi chini ya sehemu 5 kwa milioni. Kwa hiyo unga wa majani makavu, au majani uliyochemsha kama chai, si kitu kile kile hata kama jina ni moja. Tena kuna watengenezaji waliogundulika wakichanganya vitu vya bei rahisi ili vipimo vionekane vizuri.

Je, inasaidia? Marekani waliwafuatilia wazee 3,069, wengi wao wakiwa hawajaanza kusahau, wote wa miaka 75 na kuendelea, kwa takriban miaka 6. Nusu walipewa miligramu 120 mara mbili kwa siku, nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2008: ginko haikuzuia ugonjwa wa kusahau. Kwa wale ambao tayari wanaugua, tafiti nyingine zimeona nafuu kidogo kwa miligramu 240 kwa siku, na Ulaya madaktari wengine huwaandikia. Kwa hiyo siiiti utapeli. Ninachokataa ni neno "haina madhara", maana kitu chenye nguvu ya kugusa ubongo na damu hakiwezi kuwa maji.

Kama mzazi wako anatumia warfarini au aspirini, ana kifafa, au anasubiri upasuaji, usimpe ginko kabla ya kuzungumza na daktari wake. Na usione aibu kutaja dawa za asili hospitalini. Wazee wetu huzificha wakihofia kugombezwa, kumbe ni habari ambayo daktari anaihitaji.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni muda tulioupoteza. Wakati mimi nahesabu vidonge, hakuna aliyekuwa ameuliza kwa nini mama anasahau. Daktari yule aliuliza. Akasikia kuhusu ganzi ya miguu, ambayo sisi tuliiita uzee, akaagiza kipimo, na vitamini B12 ikakutwa chini sana. Hiyo tunaipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na tumbo la mzee wakati mwingine hushindwa kuinyonya hata akila. Akaanzishiwa sindano.

Kumbukumbu haikurudi yote. Mjomba bado anatajwa siku moja moja. Ila njia ya kanisani anaijua, na juzi nilipompigia asubuhi alinikatiza katikati ya salamu: "Subiri kwanza mwanangu, nina ndizi jikoni."