Vizimba vinne si panya sabini na wawili

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma uzamili wa famakolojia hapa Mbarara. Nilijaribu mchemsho wa majani ya mululuza, mti wa dawa za kienyeji, kwa panya 24 waliotiwa kisukari kwa sindano ya aloksani. Niliwaweka katika vizimba vinne, panya sita kila kimoja. Kizimba cha kwanza walikunywa maji matupu, cha pili metformini (dawa ya kawaida ya kisukari), cha tatu mchemsho hafifu, cha nne mchemsho mzito, yote kupitia chupa ya maji. Siku ya 28 nilimpima kila panya sukari mara tatu, kwa hiyo n yangu, yaani idadi ya sampuli, ni 72. Kijana anayetuchambulia data alipata p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kama hii kwa bahati tu, dawa ikiwa haifanyi kitu) chini ya 0.001. Mtahini wa nje ameandika tu “n = 1” pembeni mwa jedwali, na msimamizi wangu amekasirika. Je, nitumie kipimo gani cha takwimu ili mtahini aridhike?

JIBU: Marahaba. Hakuna kipimo cha namna hiyo. Mtahini amesema kweli, ila amebana maneno, labda kwa uchovu. Mimi mwenyewe nimeshaandika “n = 1” pembeni mwa tasnifu nyingi kiasi kwamba nimefikiria kuichongea muhuri.

Tuanze na hizo 72. Matone matatu ya damu kutoka mkia mmoja, ndani ya dakika chache, yanakueleza glukometa yako, kile kipima sukari, inayumba kiasi gani, basi. Tafuta wastani wake, kila panya abaki na namba moja. Sasa tuna 24, na hapa ndipo karibu kila mwanafunzi hutaka kushukia. Bado hatujafika.

Ulichogawa hukukigawa kwa panya. Ulikigawa kwa chupa, na chupa ni ya kizimba kizima. Hakuna panya ndani ya kizimba cha nne aliyeweza kupata kitu tofauti na wenzake watano. Kitengo cha jaribio ni kile kilichoweza kupewa dawa yake peke yake, bila kufungwa na jirani, na kwako wewe ni kizimba. Una vizimba vinne na makundi manne. Ndiyo hiyo n = 1.

Chukua taksi mbili zinazotoka Kampala kwenda Jinja, moja ikipitia Mukono, nyingine Gayaza na Kayunga. Ile ya Mukono ikapata pancha Lugazi, abiria wote 14 wakachelewa. Ukiwahoji mmoja mmoja utajaza karatasi 14, zote zikikubaliana kwamba njia ya Mukono ni mbaya. Kumbe umepima pancha.

Pancha za vizimba ni nyingi. Kizimba cha rafu ya juu kiko karibu na taa, na panya ni mnyama wa usiku. Kingine kina dume mbabe anayewanyima wenzake chakula. Kingine chupa inavuja. Na kwako kuna jambo ambalo mtahini hakuligusa, ambalo mimi lingeninyima usingizi: mululuza ni mchungu, mchungu kweli, kila aliyewahi kunyweshwa na bibi yake anajua. Panya wa kisukari hunywa maji mengi mno. Mpe maji machungu, atapunguza kunywa, na asiyekunywa huanza kula kidogo. Sukari ikishuka, imeshushwa na jani au na njaa? Ulipima chupa kila siku? Hata ukisema ndiyo, unajua sita kwa pamoja walikunywa kiasi gani. Hujui nani alikunywa nini, kwa hiyo kipimo cha dawa kwa kila kilo ya uzito hukijui.

Programu haikukuambia haya kwa sababu haijui kizimba ni kitu gani. Ukiipa mistari 72 itapunguza makundi manne na kukuachia digrii huru 68 za kosa, yaani vipande vya taarifa vya kupimia tofauti za bahati tu, ile tunayoiita kelele. Ukiipa 24 inabaki na 20. Ukiipa ukweli, yaani vizimba vinne toa makundi manne, inabaki sifuri, haina cha kupimia kelele. Wapo wanaokimbilia modeli mchanganyiko, hesabu zinazozingatia kwamba panya wa kizimba kimoja wanafanana, wakidhani zitawaokoa. Haziwezi. Dawa na kizimba vimeingia mlango mmoja, hesabu haiwezi kuvitenganisha. Mwaka 1984 Stuart Hurlbert, mwanaikolojia Mmarekani, alikagua majaribio ya uwandani yaliyochapishwa, na kati ya yale yaliyotumia vipimo vya takwimu karibu nusu yalikuwa na ugonjwa huuhuu, urudufu bandia. Ni miaka mingi imepita, na bado.

Data uliyonayo iandike kama jaribio la awali: wastani, mtawanyiko, mchoro wenye nukta ya kila panya, bila p hata moja. Ukirudia, panya 24 haohao kwa idadi wanatosha. Weka vizimba sita vya panya wanne, na ndani ya kila kizimba kila panya apate dawa yake, kwa mrija wa mdomoni, kulingana na uzito wake. Kizimba kinakuwa kitalu, yaani kundi dogo ambamo dawa zote nne zinalinganishwa, na kosa linabaki na digrii 15. Watu wa fani hii hutafuta kati ya 10 na 20, kwa hiyo upo pazuri. Tatizo lake ni kwamba panya hula kinyesi, cha wenzao pia, na dawa inaweza kuhama kidogo. Ukiogopa hilo, weka panya wawili wawili wa dawa moja, vizimba vinne kwa kila kundi. Hapo utahitaji panya 32, vizimba 16, na digrii ni 12. Usimweke panya peke yake ili upate n. Anapata msongo, na msongo hupandisha sukari.

Nani aingie kundi gani, piga kura kwa vikaratasi, baada ya aloksani na baada ya kuhakikisha sukari imepanda. Usiwagawe kwa kuwashika tu mkononi. Anayeshikwa wa kwanza mara nyingi ndiye mnyonge, naye huishia kizimba cha kwanza, ambacho kila mara ni cha maji matupu. Na anayeshika glukometa asijue panya ni wa kundi gani.

Sasa huyo kijana. Simjui, ila nawajua wenzake, wa kompyuta moja na tangazo la “uchambuzi wa data siku hiyo hiyo”. Kuna aliyemwambia mwanafunzi wangu, “Madamu, p yako nitaishusha.” Huishusha kwa kufuta panya “wabaya”, au kwa kushauri waongezwe watatu, ipimwe tena, waongezwe wengine. Dawa isiyofanya kitu, ukiipima mara moja kwa kiwango cha 0.05, itakudanganya mara 5 kwa 100. Ukichungulia mara tano huku ukiongeza wanyama, na kusimama pale tu p inaposhuka, unadanganywa kama mara 14 kwa 100. Na kamati ya maadili ilipitisha wanyama hao ikiamini idadi imekokotolewa kabla.

Hiyo p haiishii kwenye rafu ya maktaba. Inafika sokoni imechapishwa kwenye lebo ya chupa, “imethibitishwa maabara”, na mzee mwenye sukari ya 18 anaacha metformini yake nyumbani. Nimewaona wakiletwa. Mululuza huenda unasaidia, sipingi. Jaribio lako halikuuliza.

Huyo kijana akija tena, kabla hajafungua kompyuta, mngoje akuulize vizimba vilikuwa vingapi. Asipouliza, chukua flashi yako uende.