Rungu la nini, ndugu yangu?

Msomaji mmoja wa Njoro ameniuliza kama atembee na rungu kwenye baiskeli, maana kuna mbwa wanaomvizia kila alfajiri. Ndugu yangu, ukishika usukani kwa mkono mmoja na kupunga rungu kwa mwingine, mbwa hatakuwa na haja ya kukuangusha.

Mimi niliumwa barabara ya Eldama Ravine, nikitoka Kabarak, karibu kufika Kiamunyi. Geti lilikuwa wazi. Dume la kahawia likatoka bila kubweka (hao wasiobweka ndio wabaya) likanidaka shavu la mguu. Mwenyewe akaja na kikombe cha chai mkononi: "Huyo haumangi mtu. Labda umemchokoza." Kwa mwendo ule, nimchokoze saa ngapi? Nikaomba kuona cheti cha chanjo. Akasema mbwa ni wa kijana wake aliye Nairobi.

Mama wa kibanda jirani alileta mafuta taa, nikamshukuru na kuomba sabuni badala yake. Niliosha jeraha kwenye mfereji dakika 15 nzima, kisha hospitali. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo; nilizunguka mpaka nikaipata. Usisubiri uone kama mbwa ni mgonjwa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa mtu, ni nadra mno apone.

Sasa barabarani: usishindane naye mbio. Mbwa hufukuza kinachokimbia. Punguza mwendo, shuka, baiskeli ikae kati yenu, mkemee kwa sauti nzito, "Rudi!" Akikaidi, inama kama unayeokota jiwe. Sijaona mbwa wa Kenya asiyejua maana ya kuinama. Ondoka ukitembea, usimpe mgongo. Tangu nianze hivyo sijaguswa tena, na napita mageti mabaya kuliko lile.

Kuna waendesha baiskeli wenzetu wanaotaka kaunti iwatilie mbwa sumu. Hapo mnanikwaza. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba kuua mbwa ovyo hakumalizi kichaa. Kinachokimaliza ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Ukiua wale waliochanjwa, wageni huhamia nafasi zao. Kenya ina mpango wa kumaliza vifo hivi kufikia 2030, na wewe unanunua sumu! Mwenye kosa ni aliyeacha geti wazi.

Yule wangu nilimripoti kwa chifu na kwa afisa wa mifugo. Mbwa akafungiwa siku 10 achunguzwe, akaonekana mzima. Mwenyewe hajaniomba radhi mpaka leo, na tukikutana sokoni anajifanya kuchagua nyanya.

Wewe wa Njoro, usiende kwa chifu peke yako ukiwa na kofia ya baiskeli kichwani. Watakuona mtu wa michezo tu. Nenda na wazazi ambao watoto wao hupita njia hiyo kwenda shule, na picha ya geti kwenye simu.