Gari inazima au haiwaki? Angalia kwanza imezimaje kabla hujanunua spea

Wadau, kinachoniuma kwenye haya magari yetu ni mtu kuambiwa nunua pampu ya mafuta, ananunua, gari bado inazima, anaambiwa basi ni koili (ile inayopeleka umeme kwenye plagi), ananunua tena, na tatizo liko pale pale. Mimi naendesha Toyota IST ya injini ya 1NZ na imeshanisumbua vya kutosha, nikagundua jinsi gari inavyozima ndio inakupa nusu ya jibu. Imekata ghafla au imekohoa kwanza? Ilikuwa ya moto au ya baridi? Ulikuwa kwenye mwendo au umesimama foleni? Hayo ndio ya kumwambia fundi, ukimwambia tu "inazima" ataanza kubahatisha na hela ni yako.

Kama ukipiga starta unasikia ka-ka-ka au kimya, achana na plagi, anza na betri. Fungua boneti uone vichwa vya betri, mara nyingi utakuta ule unga mweupe au wa kijani, au vimelegea mpaka unavizungusha kwa mkono. Safisha, kaza, jaribu tena. Ukiwa na mita ya umeme (hata ile ya bei rahisi inatosha) betri iliyojaa gari ikiwa imezimwa inasoma kama volti 12.6, ikiwa chini ya 12 hapo imeisha chaji, na injini ikiwa inaunguruma iwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi, ikibaki kwenye 12 ujue altaneta haichaji na hata betri mpya utakayoweka itaisha tu. Kwa otomatiki ambayo starta iko kimya kabisa weka N upige tena, ikiwaka basi swichi ya gia ndio ina shida.

Starta ikizunguka vizuri lakini injini haishiki, watu watakwambia washa swichi usikilize pampu ya mafuta. Kwa Toyota nyingi hiyo haisaidii maana pampu haifanyi kazi mpaka injini izunguke, kwa hiyo mmoja apige starta mwingine asikilize karibu na tenki. Kama hailii anza na fyuzi na relei kabla ya kununua pampu.

Sasa iliyonitesa zaidi ni hii, asubuhi gari iko poa, ukikaa foleni ya mchana pale Ubungo na joto la Dar inakata pap bila hata kukohoa, unapiga starta wee haishiki, ukiiacha ipoe inawaka vizuri tu. Ukifika gereji haina kosa lolote. Yangu ilibadilishwa plagi na koili ambazo hazikuhusika kabisa, kumbe ni sensa ya krank (ile inayosoma mzunguko wa injini), ikipata moto inakufa na ikipoa inafufuka. Ukiwa unapiga starta angalia mshale wa RPM (mzunguko wa injini) kwenye dashibodi, ukilala kwenye sifuri bila kutikisika ishuku hiyo sensa, na gari ipimwe kwenye mashine ya kusoma makosa ikiwa bado ya moto, namba ya kosa hilo mara nyingi ni P0335. Na kwenye sensa tafuta orijino hata kama ni used, zile mpya za bei ya kutupa zitakurudisha barabarani kulekule.

Inayozima ukiachia mafuta au ukiwasha AC ukiwa umesimama, hiyo ni sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta), throtol, yaani mlango wa hewa ya injini, imejaa masizi, isafishwe na mipira ya hewa ikaguliwe kama imepasuka. Inayokohoa na kukosa nguvu mlimani, fikiria filta na pampu ya mafuta, hasa kama una tabia ya kutembea na taa ya mafuta imewaka, maana pampu iko ndani ya tenki na inapozwa na petroli hiyohiyo.

Na tafadhali sana, ikizima ukiwa kwenye mwendo usukani na breki vitakuwa vizito. Breki inabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, kwa hiyo kanyaga kwa nguvu na ushikilie, usiachie achie. Ufunguo usichomoe gari ikiwa inatembea, usukani utajifunga. Washa hazadi, toka pembeni, abiria washuke upande wa mbali na barabara, weka pembetatu nyuma, ndio ufungue boneti.