Nyumba ya Kupanga Mombasa: Mtafute Mwenye Nyumba Asiyeingoja Desemba

Kitandani kulikuwa na taulo mbili nyeupe zilizokunjwa umbo la bata. Bwana aliyenifungulia mlango alisema nyumba ni yake, ameishi humo miaka minne na mkewe, sasa wanahamia Nairobi ndiyo maana anaitoa kwa bei ya kutupa: vyumba viwili, Bamburi, bahari unaisikia ikivuma, shilingi 18,000 kwa mwezi. Alitaka dipoziti palepale kwa sababu kuna daktari anakuja kuiona saa kumi. Simu nilikuwa nimeshaitoa. Nikauliza, wala si kwa ujanja, ni mazoea tu ya mtu aliyelelewa Wundanyi, kule Taita, akiteka maji: "Hapa maji huja siku zipi?"

"Kila siku, madam. Usiku na mchana."

Mombasa hii! Simu ikarudi mkobani. Mtu aliyeishi Mombasa wiki mbili hawezi kukujibu hivyo. Atakwambia Jumanne na Ijumaa, au usiku wa manane, au atacheka. Nilipotoka, mlinzi wa getini alininong'oneza kwamba fleti ile hupangishwa wageni kwa usiku, na yule bwana alikuwa amelipia siku mbili tu. Alikuwa ameshawaingiza watu watatu tangu asubuhi. Mmoja wao alituma pesa.

Nafanya kazi katika ofisi ya kuondoa mizigo bandarini, na kwa miaka sita nimehama mara nne. Kila mwajiriwa mpya akija ofisini kwetu kutoka bara, siku ya pili huletwa mezani kwangu: "Muulize dada, yeye ndiye fundi wa nyumba." Nimechoka kurudia, kwa hiyo naandika.

Jambo la kwanza ambalo mgeni hulielewa akiwa amechelewa ni kwamba nyumba nyingi za hapa zina bei mbili. Kuna bei yako wewe wa mwezi hadi mwezi, na kuna bei ya Desemba, Pasaka na Agosti. Mwenye nyumba anaweza kukuchekea mwaka mzima huku kichwani anahesabu siku za likizo. Nilikaa Bamburi hukohuko, fleti nyingine, kwa 22,000. Niliingia Februari, nikanunua mapazia, nikapanda mrehani kwenye kopo roshani. Tarehe 12 Novemba mwenye nyumba alinipigia, sauti tamu kama halua. "Dada, kuna mambo ya kifamilia. Nahitaji nyumba kufikia tarehe moja." Siku 18. Hatukuwa tumeandikiana chochote. Nikafunga virago, nikaenda kulala kwa binamu yangu Changamwe, magodoro yakiwa yamesimamishwa ukutani.

Wiki ya Krismasi nilipita pale kwa matatu. Roshani yangu ilikuwa imeanikwa mataulo ya ufukweni, mrehani umekauka. Hesabu yenyewe si ngumu: akipata 6,000 kwa usiku, kwa siku 20 ni 120,000, zaidi ya kodi yangu ya miezi mitano. Tarehe 9 Januari akanipigia tena kuniuliza kama nimeshapata nyumba, maana nyumba yake iko wazi na bei ni ileile. Sikumtukana. Nilikata tu simu.

Baadaye ndiyo nikajua kwamba Sheria ya Ardhi ya 2012 ilikuwa upande wangu. Ukilipa kodi kila mwezi na hamkukubaliana muda, upangaji huhesabiwa wa mwezi hadi mwezi, na notisi haipungui mwezi mmoja. Zile siku 18 hazikutosha. Lakini haki usiyoijua haikusaidii saa unapofunga masanduku.

Sasa, wapi na lini. Wakati mzuri wa kutafuta ni masika, Aprili mwishoni hadi Juni. Kila mtu atakushauri utafute Januari kwa sababu nyumba zimejaa kwenye matangazo, na ni kweli zimejaa, ila Januari kila nyumba ya Mombasa ni nzuri. Rangi mpya, jua, upepo wa kaskazi. Mvua ya Mei haina adabu, itakuonyesha kila kitu. Nyumba yangu ya tatu niliiona Januari nikaipenda. Mei maji yakawa yanateremka ukutani hadi kwenye swichi ya sebuleni, na ukiigusa inakutetemesha mkono. Ukitafuta Mei utakuta ndoo iko palepale inapovuja, kwa sababu hakuna aliyekuwa na muda wa kuificha. Tena wageni hawapo, na mwenye nyumba anasikia neno la punguzo.

Kuhusu mahali, ushauri wangu huwashangaza watu: geuza mgongo ufukweni. Mahoteli na fleti za wageni zimejipanga upande wa Nyali, Bamburi, Shanzu. Huko ndiko mwenye nyumba anakojaribiwa. Kisiwani penyewe, Tudor, Ganjoni, Kizingo, Majengo, watu hupanga miaka. Mji wa Kale una nyumba za matumbawe na chokaa, kuta nene, adhuhuri ndani kumepoa kama mtungi, lakini ngazi zake ni za kupanda ukiomba dua, na eneo hilo linalindwa na Makumbusho ya Taifa, kwa hiyo usidhani utatoboa ukuta uweke kiyoyozi utakavyo. Likoni ni nafuu, na feri hailipishi mtu wa miguu. Ila panga maisha yako ukijua asubuhi kuna feri, na jioni kuna feri. Nimekaa huko miezi minane. Sitasema zaidi.

Kisauni, Majengo na Likoni kuna jambo moja la kwetu pwani: nyumba bila ardhi. Anayekupangisha anamiliki kuta na bati, kiwanja ni cha mtu mwingine ambaye naye hulipwa kodi ya ardhi. Si dhambi, watu wamezaliwa na kuzeeka humo. Uliza tu kama kuna kesi, na waulize majirani kuliko kumuuliza yeye.

Maji nitayakalia kidogo, kwa sababu ndiyo yanayovunja ndoa za upangaji hapa. Sehemu ya maji ya mji huu hutoka chemchemi za Mzima, kule kwetu Taita Taveta, na hupita kwenye bomba zaidi ya kilomita 200. (Ndiyo, maji yanatoka kwetu, nami nimekuja kuyafuata huku na bado nanunua kwa mtungi.) Mengine huja kutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Hayatoshi, ndiyo maana yana siku zake, na ndiyo maana nyumba nyingi zina kisima cha chumvi chini. Dalali atafungua mfereji, maji yatatoka kwa kishindo, atakutazama kama aliyeyaumba. Usishangilie. Mimi hutembea na kipande cha sabuni mkobani. Nalowesha mikono, nasugua. Maji ya chumvi hayatoi povu. Sabuni inakatika vijiwe vyeupe na mikono inabaki inanata. Kisha naonja kwa ncha ya ulimi. Madalali wawili wamewahi kuniuliza kama niko sawa kichwani.

Maji ya chumvi si mwisho wa dunia, yanaosha sakafu na choo. Unachotaka kujua ni kama kuna mifereji miwili, wa chumvi na wa maji matamu. Tangi la juu ni la nani, lako peke yako au la fleti nane. Na yakikatika wiki nzima, boza, yaani lori la maji, likija linalipwa na nani. Kisha shuka chini umtafute kijana wa mkokoteni wa maji, umuulize jengo hili huliletea mitungi mingapi kwa siku. Huyo hana sababu ya kukudanganya. Akitabasamu sana, ondoka.

Stima ni rahisi: hakikisha mita ya tokeni ni yako peke yako, na kabla ya kulipa chochote nunua tokeni ndogo uone kama inaingia kwenye mita hiyo. Mita ya watu watatu ni ugomvi wa kila Jumapili.

Nenda kuiona nyumba mara mbili, saa nane mchana na usiku wa Jumamosi. Saa nane utajua kama dirisha linapata upepo wa kusi au kama chumba cha kulala kinatazama machweo, na hicho kitakuwa tanuri. Usiku wa Jumamosi utajua kama kuna klabu nyuma ya ukuta. Pitisha kidole kwenye nondo za madirisha: kutu ikibaki mkononi, friji yako nayo italiwa vivyo hivyo.

Madalali siwachukii. Wapo wakweli, na kazi yao ina jasho. Lakini anayedai pesa ya kukuonyesha kabla hujaona hata kitasa cha mlango, hiyo pesa ndiyo biashara yake, nyumba ni kisingizio. Dalali wa kweli huchukua chake siku unapokabidhiwa funguo, mkiwa watatu: wewe, yeye, na mwenye nyumba. Na mwenye nyumba aonyeshe bili ya maji au ya stima yenye jina lake. Akisema bili iko Nairobi, basi na dipoziti yako iko Nairobi.

Nyumba ninayokaa sasa haikutangazwa popote. Niliipata kwa mbaazi. Nilikuwa nimeshaamua nataka Tudor, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kazi nikawa nashukia huko kula mahamri kwa mbaazi kwa mama mmoja kwenye kona. Wiki ya kwanza sikusema neno. Wiki ya pili akaniuliza mwenyewe mbona napita kila siku na siishi hapa. Siku ya kumi akaita mtoto: "Mpeleke dada huyu kwa Bi, mwambie ni mteja wangu."

Bi alikuwa barazani, miguu kwenye kigoda, anachambua mchele. Mwanawe alikuwa akikaa juu, kaenda Qatar kikazi, ghorofa ikabaki tupu. Hakuniuliza mshahara.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Mtaita, Bi. Wa Wundanyi."

"Mkristo?"

"Ndiyo, Bi."

Akaendelea na mchele. "Mbwa usinifugie. Pombe usininywie juu ya kichwa changu. Kanisani nenda, ukaniombee na mimi magoti yangu. Usiku ukichelewa nipigie, nisikae macho."

Hapo niliamua kabla ya kuiona nyumba, jambo ambalo nimetumia makala nzima kukukataza. Niliiona, lakini. Ilikuwa Mei, mvua inanyesha, na ndoo ilikuwa moja tu, kwenye ngazi, naye mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Alitaka 25,000. Nikamwambia nitalipa miezi mitatu mitatu, akashuka hadi 23,000 na sharti kwamba ngazi itaezekwa kwanza. Iliezekwa.

Mkataba wetu ni karatasi moja, tuliuandika kwa Kiswahili ili Bi ausome mwenyewe. Mwaka mmoja mmoja, na ukiwa wa miaka miwili au pungufu hauhitaji kusajiliwa. Kodi haipandi katikati ya mwaka. Notisi ni miezi miwili kwa kila upande. Dipoziti ni ya mwezi mmoja, na kila ubovu uliokuwepo siku ninaingia umeorodheshwa chini: nondo mbili za kutu, kioo kimoja, bomba la bafuni. Nilipiga picha vyote. Mwanawe alisaini kama shahidi kwa simu, akatutumia picha ya karatasi. M-Pesa Bi haitaki kabisa, anasema pesa isiyoshikika si pesa, kwa hiyo nilinunua kitabu cha risiti dukani. Kila robo mwaka namwandikia, anatia saini taratibu kama mtoto wa madrasa, karatasi moja yake, nakala yangu.

Desemba iliyopita mpwa wake alikuja na mpango wa kupangisha wageni kwa usiku. Alikuwa na kompyuta, na picha za nyumba nyingine za mtaani zilizopakwa rangi ya bluu, na hesabu yake ilikuwa nzuri kuliko ile yangu ya Bamburi. Mimi nilikuwa ngazini na mfuko wa muhogo, nikasimama. Bi alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza hao wageni Machi watakuwa wapi. Mpwa akasema Machi hakuna wageni. "Na mimi Machi ndipo hulazwa hospitali," Bi akasema, akaomba chai.

Februari tangi la juu lilipasuka. Tulinunua jipya, nusu yake nusu yangu, na yangu ikakatwa kwenye kodi ya robo iliyofuata. Risiti iko kitabuni.