Nimezoea Valium tangu nilipokuwa eda: naiachaje?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 38, naishi Ujiji, kazi yangu ni kuanika dagaa Kibirizi. Nilifiwa na mume wangu miezi mitano iliyopita. Nilipokuwa eda usingizi ulikata kabisa, jirani akanipa Valium, baadaye nikawa namtuma mtoto duka la dawa. Sasa nameza vidonge viwili vya miligramu 5 kila usiku. Nikikaa siku tatu nne bila kumeza, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, nakesha. Ndiyo nimeshakuwa teja? Naviachaje?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa msiba. Teja hujawa. Mwili wako umeizoea dawa, basi, ila kwa hali hiyo usithubutu kuikata kwa siku moja.

Diazepam, ambayo ndiyo dawa yenyewe iliyomo kwenye Valium, huongeza nguvu ya breki ya ubongo. Ukiitumia wiki baada ya wiki, ubongo unalegeza breki zake wenyewe kwa kuwa unasaidiwa. Ndiyo maana kwa usingizi haitakiwi kuzidi wiki 2 hadi 4. Ikikatwa ghafla unatetemeka, na wapo wanaopata degedege. Tena inatoka mwilini polepole, kwa hiyo mtu hudhani ameshashinda, kumbe dalili ziko njiani.

Anza kwa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, uulizie huduma ya afya ya akili. Nenda na boksi la dawa, useme ukweli wote: kiasi gani, tangu lini, na kama unatumia pia pombe au tramadol, ile dawa kali ya maumivu, maana hivyo vikichanganywa na diazepam vinaweza kuzima pumzi usingizini. Ratiba ya kujadiliana nao ni hii: vidonge viwili ni robo nane. Punguza robo moja, ukae hapo wiki 2, ndipo upunguze nyingine. Ni kama wiki 14. Robo mbili za mwisho ndizo ngumu, na hakuna ubaya kukaa wiki 3 au 4 kwenye kila moja. Kata kwa wembe mpya juu ya sahani kavu, kidonge kimoja kimoja. Ukikata vyote mapema vinamung'unyika na kipimo kinapotea.

Wengi huharibu kwa kumeza leo na kuruka kesho. Dawa inapanda na kushuka mwilini, dalili haziishi. Wengine wakipata usiku mmoja mbaya wanarudi vidonge viwili. Usirudi juu, baki ulipo wiki moja zaidi. Na usibadilishe kwa Piriton, ile dawa ya mzio inayoleta usingizi, utakuwa umehamisha tatizo tu.

Usingizi wenyewe una kazi yake. Siku za eda ulishinda ndani, pengine ukilala mchana, na saa ya mwili ikavurugika. Amka saa 11 alfajiri kila siku, hata kama ulikesha. Jua la asubuhi pale kwenye chanja za dagaa ni dawa nzuri kuliko unavyodhani. Kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa 6 mchana. Ingia kitandani saa 5 usiku, si mapema zaidi. Ukikaa kama dakika 20 macho makavu, toka, keti gizani au kwenye mwanga hafifu, urudi usingizi ukija. Usitazame simu kuhesabu saa.

Machozi yakija mchana, yaache. Huzuni ya msiba huja na kuondoka, na katikati yake mtu anaweza kucheka na wanawe. Lakini ikiwa kwa wiki 2 mfululizo huoni raha ya chochote, chakula hakipiti, unajiona huna thamani, hiyo ni sonona na ina matibabu yake. Na uchungu ukiwa bado mkali kiasi cha kukuzuia kufanya kazi hata baada ya miezi 6, waambie vilevile.

Ukipata degedege, ukaanza kuchanganyikiwa au kuona visivyokuwepo, upelekwe hospitali saa hiyohiyo. Likija wazo la kujidhuru, mwambie mtu wa nyumbani usiku huohuo na uende hospitali. Kwa vyovyote vile, vidonge avishike mtu mwingine kuanzia leo, awe anakupa kipimo cha usiku mmoja tu.