Kwa Mnaoanza Kutafsiri Ngano za Japani: Amanojaku Si Shetani

Wiki hii nimepitia rasimu tatu za wafasiri wapya, na katika zote tatu Amanojaku, yule pepo mkaidi wa ngano za Japani, ameitwa "shetani". Nawapenda, wadogo zangu, na ndiyo maana sitanyamaza: kosa hilo nililifanya mimi, nami najua linavyouma likishachapishwa.

1. Msikimbilie neno la dini. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilipewa hadithi fupi ya siku hizi, ambamo mama anampakulia mwanawe tambi alizoziomba tangu asubuhi, naye mtoto anasukuma bakuli na kusema hataki, ilhali macho yake hayabanduki kwenye ule mvuke. Mama anacheka, anampangusa pua na kumwita amanojaku. Nilikuwa nimesoma kwamba hilo ni jina la pepo mdanganyifu, basi nikaandika: "Shetani we!" Mhariri hakujua Kijapani, akapitisha. Kitabu kilipotoka, mwalimu mmoja alinipigia simu, akaniuliza kwa upole mtoto yule alikosa nini hata mama yake amlaani mezani. Sikuwa na jibu. Ukurasa ule ulijaa mapenzi, nami niliutia chuki kwa neno moja, kwa kuwa sikujua kwamba Wajapani humwita hivyo mtu yeyote anayesema kinyume cha moyo wake. "Mbishi we!" lingetosha kabisa.

2. Someni asili yake. Katika Kojiki, kitabu cha kale cha visasili vya Japani cha mwaka 712, yumo Amanosagume, ambaye wengi humhesabu kuwa chimbuko la Amanojaku. Miungu wa mbinguni walimtuma ndege kwenda kumhoji Ame no Wakahiko, mungu waliyekuwa wamemtuma duniani, naye Amanosagume akamwambia Wakahiko tu kwamba mlio wa ndege yule ni mbaya, amwue. Mshale wa Wakahiko ulimpenya ndege ukafika mbinguni, ukarushwa chini, ukamwua aliyeupiga.

3. Msimfanye Amanojaku awe Sungura wetu wa ngano, kwa maana Sungura hudanganya apate kula au kuokoka, na huyu hupenda ukinyume tu.

4. Msichanganye matoleo. Urikohime, msichana aliyetoka ndani ya tikiti lililookotwa mtoni, mara nyingi huuawa na Amanojaku katika matoleo ya kaskazini mashariki. Katika yale ya magharibi hufungwa kwenye mti wa persimoni, akaokolewa. Mmoja wenu amemwua ukurasa wa nne na kumfungua kamba ukurasa wa sita! Mwingine ameandika kwamba Amanojaku "aliuvunja mlango". Rudi kwenye matini chanzi, mwanangu, usome polepole: msichana yuko peke yake anafuma, na sauti ya Amanojaku kutoka nje inaomba upenyo wa kupitisha kidole tu, kisha wa mkono, kisha wa kichwa, na kila mara anayeusogeza mlango ni Urikohime mwenyewe.